Mita 400: Kitongoji Kinachopitika kwa Miguu Huchorwa Vipi

Ndugu wakazi wa vitongoji, waheshimiwa wajumbe wa kamati za mipango miji, wahandisi wa barabara na nyote mnaochora ramani za viwanja, asanteni kwa kufika.

Tumezoea kusema kwamba watu wa pembezoni mwa mji wanapenda magari. Wapo wanaoyapenda, na hakuna ubaya. Lakini mkazi ambaye duka la dawa liko mita 250 nyuma ya ukuta wake, na njia halali ya kulifikia ni kilomita 2 kupitia barabara ya njia nne isiyo na kivuko, huyo hajachagua kitu. Aliyemchagulia ni yule aliyepanga upana wa viwanja, idadi ya makutano, mahali pa kupitisha ukuta na masharti ya maegesho. Mambo hayo yote yaliandikwa kwa mita, na kwa mita yanaweza kuandikwa upya. Ndiyo maana leo tutazungumza zaidi kwa vipimo.

Kipimo cha kwanza ni mita 400. Mtu mzima mwenye afya hutembea mita 1.2 hadi 1.4 kwa sekunde, kwa hiyo mita 400 humchukua dakika tano au zaidi kidogo. Umbali huo watu wengi huutembea bila hata kujiuliza. Mita 800 bado zinavumilika kwa kituo cha treni au shule ya sekondari. Zikizidi hapo, mwenye gari hutafuta ufunguo, na asiye na gari huahirisha safari. Mzee anayetembelea fimbo huenda mita 0.8 kwa sekunde, na kwake mita 400 ni zaidi ya dakika nane. Tunaposema mita 400, basi, tunamaanisha mita zinazokanyagwa na miguu, si mstari ulionyooka juu ya ramani. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ndiyo kiini cha tatizo la vitongoji vingi.

Mwaka 1929 Mmarekani Clarence Perry alitoa mchoro wa mtaa wa makazi wa hekta 65 hivi. Shule iliwekwa katikati ili kila mtoto aifikie kwa miguu ndani ya robo maili, ambayo ni kama mita 400. Maduka yaliwekwa pembeni, kwenye makutano, na barabara kubwa zikapita nje ya mtaa. Mwaka huohuo, Radburn katika jimbo la New Jersey ilianza kujengwa kwa barabara fupi zinazoishia ndani ya makazi, huku njia za miguu zikipita nyuma ya nyumba hadi kwenye bustani na shule bila kukutana na magari. Wajenzi waliofuata walichukua nusu tu ya mawazo hayo. Barabara zilizofungwa mwisho walizipenda, kwa sababu zinapunguza magari mbele ya nyumba na zinauzika. Njia za miguu walizifuta, maana kila njia inakula ardhi ambayo ingeuzwa. Miongozo ya wakala wa shirikisho wa dhamana ya mikopo ya nyumba nchini Marekani katika miaka ya 1930 iliipendelea mitaa iliyopinda na kufungwa mwisho, na tayari mwaka 1926 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikuwa imekubali katika kesi ya Euclid kwamba mji unaweza kutenga maeneo ya makazi mbali na biashara. Mambo hayo mawili yalipokutana na gari la bei nafuu, kitongoji cha leo kikazaliwa, kisha kikanakiliwa katika nchi ambazo hazikuwahi kujiuliza kama kinazifaa.

Mtandao wa barabara wa namna hiyo umejengwa kama mti. Nyumba ziko kwenye vitawi, vitawi vinaingia kwenye matawi, na matawi yote yanashuka kwenye shina moja. Majirani wawili walio kwenye vitawi viwili tofauti, hata wakigusana migongo, hawana budi kushuka hadi kwenye shina na kupanda tena. Mwenye gari huona usumbufu wa dakika tatu. Kwa mtembea kwa miguu, safari inakuwa haiwezekani.

Hesabu yake ni rahisi. Chora duara lenye nusu kipenyo cha mita 400: eneo lake ni hekta 50. Mitaa ikipangwa kwa miraba iliyounganika, mtu anayetembea mita 400 halifikii duara lote kwa sababu anakata kona. Anafikia umbo la almasi lenye hekta 32. Kwenye mtandao wa mti, tuchukulie anafikia robo ya duara, hekta 12, na viko vitongoji ambako hafikii hata hizo. Sasa weka nyumba. Nyumba 40 kwa hekta kwenye hekta 32 ni nyumba 1,280. Nyumba 8 kwa hekta kwenye hekta 12 hazifiki hata 100. Kwa makadirio ya kawaida ya wapanga miji, duka dogo la mahitaji ya kila siku linataka kaya kama 1,000 zilizo karibu ili lisimame bila kutegemea magari yanayopita. Kwa hiyo duka la kona linapokufa kitongojini, tusikimbilie kusema wakazi wamekataa kulitembelea. Wateja wanaoweza kulifikia kwa miguu ni sehemu moja ya kumi ya wanaohitajika.

Kabla ya kubuni suluhisho lolote, pimeni. Chukueni milango 20 ya nyumba iliyotawanyika sawasawa kitongojini. Kwa kila mlango chagueni vituo vitano: shule ya msingi, duka la chakula, zahanati, kituo cha basi na sehemu ya wazi ya kuchezea watoto. Pimeni umbali wa mstari ulionyooka, kisha pimeni umbali wa kutembea kwa njia ambayo mtu anaweza kuipita kweli, siku ya mvua na usiku. Gawanyeni wa pili kwa wa kwanza. Uwiano wa 1.2 hadi 1.3 ni mzuri, na hata miraba kamili hufika 1.4 kwa anayekwenda mshazari. Ukizidi 1.5, kuna mahali njia imekatwa, na mkirudi kwenye ramani mtaona pamekatwa wapi: ukuta, mtaro, reli, uzio wa shule, au kiwanja kimoja kilichouzwa mahali ambapo palipaswa kuwa njia. Ninyi mnaofanya kazi hii maofisini, tafadhali nendeni kwa miguu. Ramani za kompyuta huonyesha njia ambazo zimefungwa geti, na hazionyeshi vijia ambavyo watu wamevikanyaga wenyewe kwenye majani. Vijia hivyo vinastahili heshima kuliko takwimu nyingi, kwa sababu kila kimoja ni ushahidi wa safari ambayo mchoraji aliikataa na watu wakaifanya hivyohivyo.

Hapo ndipo pa kuanzia ukarabati wa kitongoji kilichokwisha kujengwa, na kwa maoni yetu hakuna hatua nyingine inayorudisha faida kubwa kwa gharama ndogo kiasi hicho: kutoboa njia za miguu kati ya barabara zilizofungwa mwisho. Njia moja ya mita 30 inaweza kufupisha safari ya kilomita moja na nusu kuwa mita 300. Lakini njia hizo zimeharibika katika vitongoji vingi hadi wakazi wenyewe wakaomba zizibwe, na sababu za kuharibika zinajulikana. Huchorwa nyembamba, mita 1.2 au 1.5, katikati ya kuta mbili za mita 2. Hupindishwa, kiasi kwamba anayeingia haoni anakotokea. Taa huwekwa upande mmoja tu. Hakuna dirisha hata moja linaloitazama, na hakuna ofisi iliyoandikiwa kazi ya kufagia.

Njia inayodumu ina mita 3 za kupita, pamoja na mita 1 ya majani mafupi au vichaka vya chini ya magoti kila upande. Imenyooka, na haizidi mita 60 bila kukutana na barabara au uwazi. Kuta za pembeni zisizopenyeka ziishie mita 1.2, ukitaka uzio mrefu zaidi, juu yake uwe wa nyavu au nondo zinazoonyesha. Taa ziwe kwenye nguzo za mita 4 hadi 5, maana taa ndefu za barabarani huangaza majani ya miti na kuacha njia gizani. Mwinuko usizidi asilimia 5. Pasipowezekana, tengenezeni mtelemko wa 1 kwa 12 wenye jukwaa la kupumzikia kila baada ya mita 9, na msiweke ngazi peke yake, kwa kuwa ngazi humfungia nje mwenye kiti cha magurudumu, mzazi mwenye kigari cha mtoto na mwenye baiskeli ya mizigo. Vizuizi vya kukataza magari viachane mita 1.5, na kimoja kiweze kung'olewa kwa ufunguo ili gari la wagonjwa lipite. Zile fito za kupindapinda zinazowekwa kuzuia pikipiki huwazuia walemavu kwanza, na pikipiki hupata namna.

Ukiwa na nafasi ya kuchora upya, vipimo vya vitalu, yaani vipande vya ardhi vilivyozungukwa na mitaa pande zote, ndivyo vinavyoamua. Upande wa kitalu katikati ya Portland, Oregon, ni mita 61. Barcelona, kwenye eneo la Eixample, ni mita 113. Salt Lake City ni mita 201, na huko kutembea kunachosha hata panapokuwa tambarare, kwa kuwa kila kosa la njia ni mzunguko wa mita 800. Mzunguko wa kitalu usiozidi mita 500 ni lengo linalofikika karibu popote. Na msifikiri kwamba kuunganisha mitaa ni lazima kulete magari yanayokatiza. Houten nchini Uholanzi ilipangwa tangu mwanzo ili baiskeli na miguu zipite moja kwa moja hadi katikati penye kituo cha treni, huku gari linalotoka mtaa mmoja kwenda mwingine likilazimika kutoka nje hadi barabara ya mzunguko. Groningen, pia Uholanzi, ilifanya jambo kama hilo kwenye mji mkongwe mwaka 1977: katikati ya mji paligawanywa sehemu nne, na gari haliwezi kuvuka kutoka sehemu moja hadi nyingine bila kurudi nje. Vifaa vilivyohitajika ni vizuizi, alama na vyungu vya miti. Mtandao mmoja unaweza kuwa wazi kwa miguu na kufungwa kwa magari kwa wakati mmoja, na hilo ndilo walilolisahau wajenzi walioiga Radburn.

Sasa kasi. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa, dereva akichukua sekunde moja kushtuka na lami ikiwa kavu, husimama ndani ya mita 13 hivi. La kilomita 50 kwa saa hutumia karibu mita 14 kabla mguu haujagusa breki, kisha mita 14 nyingine kusimama. Maana yake ni kwamba mtoto akitokea mita 13 mbele, gari la kwanza litakuwa limesimama, la pili litampiga likiwa na kasi yake yote. Nguvu ya mgongano huongezeka kwa mraba wa kasi, hivyo kilomita 50 hubeba nguvu karibu mara 2.8 ya kilomita 30. Graz, Austria, iliweka kikomo cha kilomita 30 kwenye mitaa yake ya makazi mwaka 1992. Hispania iliweka kikomo hichohicho mwaka 2021 kwa barabara zote za mijini zenye njia moja kila upande.

Kibao peke yake hakitoshi. Dereva husoma upana wa barabara kabla ya kusoma kibao. Njia ya mita 3.6 ni kipimo cha barabara kuu ya kasi. Ukiiweka mbele ya nyumba, umemwambia akanyage mafuta. Mita 3 zinatosha mtaani, na mabasi yakipita weka 3.2 au 3.3. Pembe za makutano ziwe na mviringo wa nusu kipenyo cha mita 3 hadi 4.5. Ule wa mita 10 unamruhusu dereva kukata kona bila kupunguza mwendo, na unamrefushia anayevuka safari yake juu ya lami. Matuta yawe ya mviringo, yenye urefu wa mita 3.7 na kimo cha sentimita 7.5 hadi 10, yakifuatana kila mita 60 hadi 80. Tuta fupi la nusu mita huumiza gari na mgongo wa abiria wa basi, huku dereva wa gari kubwa akigundua kwamba akilipita kwa kasi halimtikisi sana. Matuta yakiachana zaidi ya mita 100, kasi hurudi katikati yake pamoja na kelele za kukanyaga mafuta, na wakazi watawalaumu ninyi, kwa haki.

Kitu bora kuliko tuta la kawaida ni kivuko kilichoinuliwa: lami inapanda hadi usawa wa njia ya miguu, juu yake kuna uwanja wa mita 3 au 4, na gari ndilo linalopanda na kushuka. Kosa linaloviua vivuko hivi ni maji. Ukiinua lami kutoka ukingo hadi ukingo, umejenga bwawa. Wekeni tundu la kupokea maji upande wa juu wa kivuko, au mfereji uliofunikwa kwa vyuma unaopita chini ya ukingo, na matundu ya vyuma hivyo yakae mshazari na njia ya magurudumu yasije yakanasa tairi la baiskeli.

Barabara ya njia nne isiyo na kisiwa katikati ina mita 14 za kuvuka. Kwa mita 1.2 kwa sekunde ni karibu sekunde 12. Kwa yule mzee wa fimbo ni karibu sekunde 18, akiangalia pande mbili kwa pamoja. Kisiwa cha upana wa mita 2 huzigawa mita hizo mara mbili, akavuka upande mmoja kwa wakati. Kisiwe chembamba zaidi ya hapo, kwa kuwa kigari cha mtoto kitabaki kimechungulia barabarani. Na kama barabara hiyo inabeba magari yasiyozidi 20,000 kwa siku, kuna hatua kubwa zaidi inayofanyika kwa rangi tu: kuigeuza kuwa njia mbili za kupita, moja ya katikati ya kukunjia, na nafasi iliyobaki pembeni kuwapa baiskeli. Idara ya barabara kuu za shirikisho nchini Marekani imeripoti upungufu wa ajali wa asilimia 19 hadi 47 kwa mageuzi ya namna hii.

Njia ya pembeni ya waenda kwa miguu tutaisema kwa ufupi. Mita 1.8 zilizo wazi, ambazo viti viwili vya magurudumu vinapishana. Mita 3 au zaidi mbele ya maduka. Mwinamo wa kuelekea barabarani usizidi asilimia 2. Nguzo za umeme, vibao na miti vikae kwenye ukanda wake wa pekee. Penye mlango wa gari la nyumba, njia ya miguu ibaki katika usawa wake na gari lipande. Katika vitongoji vingi imefanywa kinyume: njia inashuka na kupanda kila mita 15 mbele ya kila geti, na mwenye kiti cha magurudumu anasafiri juu ya mawimbi. Miti ya kivuli kila mita 6 hadi 8, ikiwa na udongo wa kutosha chini. Mti uliobanwa kwenye shimo la sentimita 60 utainua vigae kisha utakatwa.

Tufike kwenye maegesho, kwa sababu hapa ndipo sheria inapofanya kazi kimyakimya. Sehemu ya gari moja ni mita 2.5 kwa 5, lakini ukiongeza njia za kuingilia na kugeuzia, kila gari linakula mita za mraba 25 hadi 30. Sharti la sehemu 5 kwa kila mita za mraba 100 za duka lina maana ya mita za mraba 125 hadi 150 za lami kwa duka la 100. Lami imekuwa kubwa kuliko duka. Hapo duka haliwezi kukaa kona ya mtaa. Linasukumwa hadi barabara kuu penye ardhi kubwa, linarudishwa nyuma ya uwanja wa magari, na aliyekuja kwa miguu anakatiza uwanja huo juani. Maduka manne ya namna hiyo yakifuatana, hakuna atakayetoka la kwanza kwenda la nne bila kuwasha gari tena. Sharti lililotungwa ili kuhudumia magari limeyazalisha. Profesa Donald Shoup wa Los Angeles alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kitaaluma kuonyesha kwamba idadi hizi katika vitabu vya kanuni hazikuwa na msingi wa kisayansi, nyingi zikinakiliwa kutoka mji mmoja hadi mwingine. Mwaka 2004 London iliachana na viwango vya chini vya maegesho, yaani idadi ambayo mjenzi hawezi kujenga pungufu, na badala yake ikaweka vya juu, yaani idadi ambayo haruhusiwi kuzidi. Buffalo, New York, ilifuta vile vya chini mwaka 2017, na Jiji la Mexico likageuza vyake mwaka huohuo. Kufuta sharti si kupiga marufuku maegesho. Mjenzi anayeyahitaji atayajenga kwa fedha zake; asiyeyahitaji hatalazimishwa.

Tahadhari moja ya utekelezaji: mkifuta sharti bila kusimamia kando za barabara, magari yatahamia juu ya njia za miguu, na wakazi watadai sharti lirudi. Fanyeni mawili pamoja. Andaeni kwanza vibali au malipo ya kuegesha kando ya barabara penye msongamano, na vizuizi vya kulinda njia za miguu, ndipo mfute.

Wapo watakaosema dawa ni kupanua barabara. Barabara ya Katy huko Houston ilipanuliwa, kazi ikamalizika mwaka 2008, ikafika njia 26 mahali fulani ukihesabu zile za pembeni. Kati ya mwaka 2011 na 2014 muda wa safari saa za msongamano uliongezeka kwa asilimia 30 asubuhi na 55 jioni. Nafasi mpya iliwavuta madereva ambao zamani waliepuka saa hizo, ikafanya viwanja vya mbali zaidi viuzike, na kila kiwanja kipya kikaleta magari yake kwenye shina lilelile.

Wenye maduka nao wana hofu yao, na inastahili kujibiwa kwa uzito. Huko Bristol, Uingereza, mwaka 2006 wenye maduka walikadiria kwamba asilimia 41 ya wateja wao walifika kwa gari. Wateja walipoulizwa, ikawa asilimia 22. Mwenye duka huliona gari lililoegeshwa mlangoni na hulisikia lalamiko la aliyekosa nafasi. Aliyekuja kwa miguu hamletei lalamiko lolote la maegesho, kwa hiyo hahesabiwi.

Kuhusu watu wenye ulemavu, ambao mara nyingi hutajwa kama sababu ya kuacha mambo yalivyo: wengi wao hawaendeshi kabisa, sawa na watoto wote na wazee walioacha usukani. Kitongoji cha gari pekee kinawafanya hao wote wasubiri kubebwa. Wanaohitaji gari mlangoni wapewe sehemu hiyo karibu kabisa na mlango, na itakuwa rahisi kuilinda pale ambapo wengine hawaigombanii.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu za barabara. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa mipango miji Donald Appleyard alichunguza mitaa mitatu ya San Francisco iliyofanana kwa mengi isipokuwa wingi wa magari. Kwenye mtaa wa magari 2,000 kwa siku, mkazi alikuwa na wastani wa marafiki 3 mtaani hapo. Kwenye mtaa wa magari 16,000, wastani ulikuwa 0.9. Watu walihamia vyumba vya nyuma, wakaacha kukaa mbele ya nyumba zao. Uholanzi ilifika mahali pabaya zaidi mwaka 1971, ilipopoteza zaidi ya watu 3,000 barabarani, wakiwemo watoto zaidi ya 400. Wazazi waliandamana na kuziba mitaa. Mwaka 1976 sheria ya nchi hiyo ikautambua mtaa ambamo watoto wanaweza kucheza barabarani na gari linakwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mitaa tunayoisifia leo ilidaiwa kwa sauti; haikuletwa na hali ya hewa wala tabia ya watu.

Waheshimiwa madiwani, hili la mwisho ni la fedha zenu. Kiwanja chenye upana wa mita 30 mbele, nyumba zikiwa pande zote mbili za barabara, kinabeba mita 15 za barabara kwa kila nyumba. Barabara ya mita 9 ni mita za mraba 135 za lami kwa nyumba moja, pamoja na mita 15 za bomba la maji, bomba la maji taka, mtaro na waya. Kiwanja cha mita 8 kinabeba mita 4. Kwa barabara ya mita 6 ni mita za mraba 24. Mjenzi hulipia lami ya kwanza. Ya pili, baada ya miaka 20 au 30, ni ya halmashauri, na kodi ya nyumba moja haikuongezeka mara tano kwa sababu kiwanja ni kipana. Hatusemi kila mtu aishi ghorofani. Nyumba zilizoungana za ghorofa mbili au tatu, zenye bustani ndogo nyuma, hufika 40 kwa hekta bila shida, na hapo ndipo basi la kila dakika 10 hadi 15 linapoanza kupata abiria wa kulitosha. Kwa nyumba 8 kwa hekta, basi litapita mara moja kwa saa, tupu, na mwaka ujao litaondolewa.

Mradi mpya ukiletwa mezani kwenu, kabla ya kugusa rangi za michoro, ombeni karatasi tatu: ramani ya mahali panapofikiwa kwa mita 400 za kutembea kutoka shuleni na kutoka kituo cha basi, orodha ya uwiano wa umbali kwa milango 20, na mchoro wa kila barabara iliyofungwa mwisho ukionyesha njia ya miguu inatokea wapi. Kisha hakikisheni kila ukanda wa njia hiyo, mita zake 3 pamoja na 1 kila upande, umepimwa, umewekewa mawe ya mipaka na kuandikishwa kuwa njia ya umma kabla ya hati ya kiwanja cha kwanza kutolewa. Kiwanja cha jirani kikishauzwa na ukuta ukapanda, kuurudisha ukanda huo kutataka fidia, kesi na miaka, na watoto watakuwa wameshazoea kupelekwa shule kwa gari.